Kupanda Daladala Peke Yako Ukiwa na Hofu: Mwongozo Kamili kwa Mkazi wa Tanga

Wapo watu wazima katika mji wa Tanga ambao hawajawahi kupanda daladala peke yao, na wapo wengine waliokuwa wakipanda kila siku hadi siku moja moyo ukawaenda mbio ndani ya gari lililojaa, wakashuka njiani, na tangu hapo hawajarudi tena. Baadhi yao ni vijana waliomaliza shule wakiwa wamesindikizwa miaka yote. Baadhi ni kina mama waliozoea kwenda kila mahali na mume au na watoto, na sasa mume hayupo na watoto wamehamia mbali. Wengine walinusurika ajali. Wengi hawasemi. Humlipa bodaboda kila siku fedha ambayo ingetosha nauli ya daladala mara kadhaa, huacha siku ya kliniki ipite, hukataa kazi iliyo upande wa pili wa mji, na wakiulizwa hujibu kwamba wamechoka au wana shughuli nyumbani. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yao na kwa ndugu wanaokaa nao.

Msingi wa yote yatakayofuata ni huu: hofu ya namna hii haingojewi iishe ndipo mtu apande gari. Hupungua kwa kupanda ikiwa bado ipo, kidogo kidogo, kwa mpango, na kwa kubaki ndani ya gari hadi mwili wenyewe utulie. Anayesubiri asubuhi atakayoamka akiwa jasiri atasubiri sana, kwa sababu kila safari anayoiahirisha humpa nafuu ya papo hapo, na nafuu hiyo ndiyo inayoufundisha mwili kwamba kweli kulikuwa na hatari na kwamba kukimbia ndiko kulikomwokoa. Kesho yake hatari hiyo huonekana kubwa zaidi, na duara la maisha yake huzidi kuwa dogo.

Kwanza fahamu mwili unafanya nini

Mtu akihisi hatari, tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni ya adrenalini katika damu. Moyo hupiga kwa kasi, pumzi huwa fupi, viganja hutoka jasho, tumbo huvurugika, na macho huanza kutafuta mlango. Hayo ni matayarisho ya kupigana au kukimbia, lakini ndani ya Hiace iliyojaa hakuna wa kupigana naye wala pa kukimbilia, kwa hiyo nguvu zote hizo hubaki zikimtetemesha mwenyewe. Akiendelea kupumua haraka haraka, kaboni daioksaidi hupungua katika damu yake, na hapo huja kizunguzungu, ganzi ya vidole na midomo, na hisia kwamba hewa haitoshi, ingawa kwa hakika anavuta hewa kupita mahitaji yake. Wimbi kali la namna hii kwa kawaida hufika kileleni ndani ya dakika 10 hivi, kisha hushuka hata kama mtu hakufanya lolote.

Wengi huogopa kuzimia mbele za watu, na inafaa jambo hili lielezwe wazi. Mtu huzimia shinikizo la damu linaposhuka ghafla, ilhali hofu kwa kawaida hulipandisha. Ndiyo maana ni nadra mtu kuzimia kwa hofu pekee, hata anapojiona yu karibu kuanguka. Njaa, kukosa maji na joto la kaskazi ni habari nyingine: asiye na hofu yoyote anaweza kulegea kwa hayo, hivyo kula kitu na unywe maji kabla ya kutoka. Vilevile si kila moyo unaokwenda mbio ni hofu. Upungufu wa damu, matatizo ya tezi ya shingo, pumu na maradhi ya moyo huleta dalili zinazofanana nayo. Ikiwa hujawahi kupimwa, pimwa kwanza. Na maumivu ya kifua yanayokuja ukitembea au ukipanda ngazi yasisubiri hata siku moja.

Usione kwamba ni udhaifu wa kizazi hiki au laana ya nyumba yenu. Mwaka 1871, daktari wa Berlin aliyeitwa Carl Westphal alieleza habari za wagonjwa wake walioshikwa na hofu kubwa walipotaka kuvuka viwanja vya wazi au kupita mitaani peke yao, na baadhi yao walitulia pindi walipopata mtu wa kwenda naye. Katika miaka ya 1950, Joseph Wolpe, daktari wa magonjwa ya akili kutoka Afrika Kusini, aliandaa utaratibu wa kuikabili hofu kwa ngazi, kuanzia jambo jepesi hadi zito. Wolpe alidhani kwamba ni lazima mtu awe ametulia kabisa ndipo apande ngazi inayofuata. Wataalamu waliomfuata waligundua kwamba utulivu huo si sharti, kwamba kukikabili chenyewe kinachoogopwa ndiko kunakofundisha, hata moyo ukiwa unadunda. Utaratibu ulioelezwa hapa umesimama juu ya ugunduzi huo.

Hatua ya kwanza: andika kinachokutisha kwa sentensi iliyokamilika

"Naogopa daladala" ni maneno mapana mno, huwezi kuyafanyia kazi. Chukua daftari, uandike ni nini hasa unadhani kitatokea, wapi, na kitaishaje. Mmoja ataandika: "Nikipanda gari la Raskazone saa moja asubuhi litajaa, nitakosa pumzi, nitaanguka." Mwingine: "Nitaomba kushuka Bombo, sauti haitatoka, nitapelekwa mwisho wa njia." Mwingine: "Konda atanikaripia kwa ajili ya noti kubwa na gari zima litanigeukia." Watu hawa watatu wote husema wanaogopa daladala, lakini kila mmoja ana mzigo wake, na mazoezi yatakayomfaa mmoja hayatamgusa mwingine.

Mbele ya kila sentensi weka namba kutoka 0 hadi 10 kuonyesha unaamini kiasi gani kwamba jambo hilo litatokea. Ukirudi kutoka safari, siku hiyo hiyo, andika chini yake kilichotokea kweli. Hii ndiyo kazi inayoachwa na wengi, na kwa maoni yangu ndiyo yenye hasara kubwa ikiachwa, kwa sababu kumbukumbu ya mtu mwenye hofu huhifadhi ule wakati alipotaka kulia na kuusahau ule aliposhuka salama, akanunua machungwa na kurudi nyumbani. Daftari halisahau.

Hatua ya pili: ijue njia kabla ya kuipanda

Sehemu fulani ya hofu ni kutojua tu, na hiyo huondoka kwa maandalizi. Tuchukue mfano wa mama anayekaa Ngamiani na anayetaka kufika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo kwa ajili ya kliniki. Kabla ya siku ya safari aulize jirani gari gani huelekea huko, nauli ni kiasi gani, na kituo cha kushukia huitwaje na makonda, maana jina la kituo midomoni mwa konda si lazima liwe lile lililoandikwa kwenye kibao. Ajifunze alama za njiani kwa mpangilio: gari litavuka reli kutoka upande wa Ngamiani kuingia katikati ya mji, kisha likielekea Raskazone bahari itakuwa upande wa kushoto. Mwenye alama tatu au nne kichwani haulizi kila dakika kama amepitishwa.

Nauli iandaliwe nyumbani, kamili, kwa sarafu, na iwekwe katika mfuko wake peke yake. Noti ya shilingi 10,000 asubuhi na mapema ni ugomvi hata kwa asiye na hofu. Simu na fedha nyingine zikae mahali pengine, ndani zaidi, ili wakati wa kulipa usilazimike kufungua pochi yote mbele za watu huku mikono ikitetemeka.

Chagua saa. Kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa mbili asubuhi magari huwa na wanafunzi na wafanyakazi, na jioni kuanzia saa kumi hali hurudi vile vile. Saa nne asubuhi gari huwa na nafasi na konda ana muda wa kumjibu mtu. Safari za mwanzo ziwe saa hizo. Ukiweza, pandia pale gari linapoanzia, ambapo utaingia likiwa limesimama, utachagua siti, na utapata dakika chache za kuzoea kukaa ndani kabla halijaondoka. Usikubali kiti kidogo cha kukunja kilicho mlangoni kama unaweza kukikwepa, kwa sababu anayekaa hapo husimama kila abiria anaposhuka, na mtu anayejaribu kutuliza moyo hahitaji usumbufu huo katika wiki ya kwanza.

Hatua ya tatu: jenga ngazi yako

Andika safari zote unazoziogopa, uzipange kutoka ile unayoona unaweza kuifanya kesho kwa shida kidogo hadi ile ambayo hata kuifikiria kunakunyima usingizi. Usirukie ya juu kwa hasira ya siku moja.

Kwa yule mama wa Ngamiani, ngazi inaweza kuanza na kusimama kituoni kwa nusu saa bila kupanda chochote, akitazama watu wanavyopanda, konda anavyogonga bodi kumwashiria dereva, na namna wazee wanavyoshuka bila haraka wala mtu kuwafokea. Baadaye apande na dada yake wakae pamoja hadi Bombo na kurudi. Kisha wapande gari moja lakini dada akae siti ya nyuma, asimlipie wala asimsemee. Kisha dada atangulie kwa gari lingine amsubiri Bombo. Kisha mama aende peke yake umbali wa vituo viwili, ashuke, arudi kwa miguu. Kisha aende Bombo peke yake saa nne. Kisha saa moja asubuhi, gari likiwa limejaa. Kisha ajaribu njia asiyoizoea, kama ya kwenda Pongwe au Amboni, na hatimaye safari inayomlazimu kushuka gari moja na kupanda jingine.

Kila ngazi irudiwe hadi ianze kukuchosha kwa mazoea. Kwa mtu mmoja hiyo ni mara tatu, kwa mwingine mara kumi, na haina aibu. Lililo muhimu ni ukaribu wa siku: safari nne katika wiki moja huzaa matunda kuliko safari nne katika miezi minne, kwa kuwa hofu iliyopewa nafasi ya wiki tatu hujijenga upya. Kama ngazi fulani imekushinda, usirudi mwanzo kabisa. Tafuta kilicho katikati: kama kwenda peke yako hadi Bombo ni kuzito, nenda nusu ya njia.

Hatua ya nne: unapokuwa ndani ya gari

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Umeketi, mlango umevutwa, gari limeondoka, na hofu inakuja. Usijiambie "tulia, tulia," maana mwili hauamrishwi hivyo. Jiambie unachokijua: "Hii ni adrenalini. Imekuja, itafika juu, itashuka, nami nitakuwa bado nimekaa hapa." Legeza mabega. Toa pumzi kwanza, taratibu, kabla ya kuvuta nyingine. Vuta kwa pua ukihesabu hadi nne, toa ukihesabu hadi sita, ukitumia hesabu ya mwendo wa sekunde. Ukifuata hivyo utapumua mara 6 kwa dakika, na kizunguzungu kitapungua kwa sababu ile kaboni daioksaidi itarudi katika kiwango chake. Pumzi hii si ya kuifukuza hofu. Ni ya kuzuia usiichochee kwa kupumua ovyo.

Macho yatoe kwenye moyo wako uyapeleke nje. Soma maandishi ya maduka. Zile alama za njia ulizojifunza zihesabu moja moja zinapopita. Sikiliza mazungumzo ya jirani kuhusu bei ya samaki. Wengine hufumba macho, na ninashauri usifanye hivyo: aliyefumba macho hubaki peke yake na mapigo ya moyo wake, na zaidi ya hayo hupitishwa kituo.

Katika dakika chache za mwanzo utashikwa na hamu kubwa ya kushuka. Hiyo ndiyo saa inayoamua safari nzima imekufundisha nini. Ukishuka hofu ikiwa kileleni, mwili utaandika kwamba kushuka ndiyo dawa. Ukibaki hadi ishuke hata nusu yake, mwili utaandika kwamba hofu huisha yenyewe. Kwa hiyo weka sharti kabla hujatoka nyumbani: "Sishuki kabla ya kituo nilichokiandika." Ikiwa kweli umeshindwa ukashuka, usirudi nyumbani kwa bodaboda. Kaa kituoni, kunywa maji, subiri hadi utulie, kisha panda gari linalofuata, walau kituo kimoja. Siku haijaharibika kama imeishia ndani ya gari.

Kuomba kushuka

Sehemu hii naipa nafasi yake kwa sababu wapo wanaovumilia msongamano, joto na hata kusimama, lakini wanashindwa kutamka neno moja gari linapokaribia kituo chao. Kupaza sauti mbele ya watu usiowajua ni zito kwa aliyelelewa akiambiwa kwamba mtu mwenye adabu hapazi sauti, na kwa mabinti wengi wa pwani hayo ndiyo malezi.

Anza mapema. Wakati wa kulipa nauli, konda akiwa amenyoosha mkono wenye noti zilizokunjwa kati ya vidole, mwambie pale pale: "Konda, utanishusha Bombo." Uko karibu naye, huhitaji kupaza sauti, na tayari umeshafungua mdomo mara moja, jambo linalorahisisha mara ya pili. Gari likipita kituo kilicho kabla ya chako, sogeza mkoba, kaa vizuri, vuta pumzi hadi tumboni. Kisha sema kwa sauti inayotoka kifuani, fupi, yenye mwisho: "Shusha!" Au "Konda, nashuka hapo!" Yote mawili hutumika na hakuna anayeyaona kuwa utovu wa adabu. Sauti ndogo inayonyongea katikati ndiyo inayomfanya konda aulize "Nani?", na hilo ndilo ulilokuwa ukilikwepa. Kama hakusikia, mwambie aliye mbele yako, "Dada, mwambie konda nashuka," naye atalipaza neno kwa furaha. Abiria hupokezana maneno hayo kila siku.

Fanya mazoezi nyumbani. Keti kwenye kiti, mtu mwingine asimame mlangoni akiwa konda na redio ikiwa imefunguliwa kwa sauti, na useme hadi akusikie bila shida. Inaonekana kama mchezo wa watoto, lakini koo lililozoea neno hulitoa hata likiwa limekauka.

Halafu lipo zoezi ambalo wengi hulikataa nikilitaja, nalo ndilo lenye nguvu kuliko yote kwa mtu anayeogopa kupitishwa: pitiliza kituo kwa makusudi. Mchana, siku usiyo na haraka, nenda kituo kimoja mbele ya chako, ushuke, uvuke barabara kwa uangalifu ukianza kutazama kulia, na urudi kwa miguu au kwa gari la upande wa pili. Ukishalifanya hilo mara kadhaa, kupitishwa kituo hubaki kuwa kero ya dakika kumi na nauli ndogo, na kile kitisho kilichokuwa kikikusimamisha mlangoni kwako hakitakuwa na la kukutishia. Vivyo hivyo anayeogopa kuzungumza na konda amuulize swali ambalo jibu lake analijua: "Hili linafika Raskazone?" Akijibiwa kwa mkato, si kwake peke yake, konda huwajibu hivyo watu mia kwa siku.

Hatua ya tano: ondoa magongo moja moja

Kila mwenye hofu hujitafutia vitu vya kumshikilia: kukaa mlangoni tu, kushika chupa ya maji muda wote, kumpigia mtu simu kuanzia kupanda hadi kushuka, kuvaa vipokea sauti masikioni, kupanda gari la konda mmoja anayemfahamu. Katika wiki za mwanzo vinasaidia, wala sioni haja ya kuvinyang'anya kwa nguvu. Tatizo lake huja baadaye, kwa sababu akifika salama husema, "Nimefika kwa kuwa nilikuwa kwenye simu," na safari inayofuata betri ikiisha habanduki nyumbani. Kwa hiyo, kila ngazi inapozoeleka, irudie ukiwa umeacha kimoja. Simu iwe ndani ya mkoba. Keti katikati ya gari. Chupa ibaki nyumbani kwa safari fupi.

Dua ya safari haimo katika hesabu hii. Mwenye kuomba kabla ya kutoka anafanya ibada, na aendelee. Ninachotahadharisha ni kuyarudia maneno kwa haraka na kwa woga ndani ya gari, kana kwamba ukinyamaza tu jambo baya litatokea; hapo dua imegeuzwa kuwa mlinzi wa hofu, na ni vizuri mtu alitambue hilo mwenyewe, au azungumze na sheikhe au padri wake.

Hatari za kweli si wasiwasi

Si haki kumwambia mtu kwamba kila anachokiogopa kiko kichwani mwake tu. Wezi wa mifukoni wapo penye msongamano, hasa mlangoni watu wanaposukumana kupanda. Mkoba ukae mbele ya kifua, na simu isishikwe mkononi karibu na dirisha lililo wazi.

Kwa wanawake na mabinti, wapo wanaume wanaojibanza kwa makusudi gari likijaa. Usikae kimya ukidhani utaonekana una maneno. Sema kwa sauti ile ile uliyojifunzia kuombea kushuka: "Kaka, sogea. Ondoa mkono wako." Kusikika kwa wengine ndiko kunakomkomesha, na mara nyingi mama aliye karibu atakupokea neno. Hama siti, au mwambie konda. Ukifuatwa baada ya kushuka, ingia dukani penye watu. Namba ya dharura ya polisi ni 112, na simu yake haina malipo.

Kuogopa gari linalokimbizwa au lililojazwa kupita kiasi ni akili timamu, na mtu asijilazimishe kulivumilia kwa jina la mazoezi. Kwa mabasi, sheria inaweka mwisho wa kilomita 80 kwa saa barabara kuu na 50 penye makazi. Mwambie dereva apunguze. Ukipuuzwa, shuka mahali salama, shika namba za gari, na utoe taarifa kwa askari wa usalama barabarani au kwa LATRA, mamlaka iliyochukua kazi za SUMATRA za usafiri wa nchi kavu mwaka 2019 na ambayo ndiyo inayopanga nauli na kutoa leseni za magari ya abiria. Kushuka kwa sababu hiyo si kurudi nyuma katika ngazi yako.

Safari ya mkoani kutoka Kange

Anayeweza kuzunguka mjini peke yake bado anaweza kulegea miguu akifikiria stendi ya Kange, na si kwa sababu ya basi. Kinachomtisha ni wapiga debe, wanaomzunguka mtu kabla hajafunga mlango wa bajaji, mmoja akitaja Dar, mwingine akishika begi. Nenda Kange kwanza siku usiyosafiri. Tembea, tazama ofisi za mabasi zilipo, uliza bei dirishani, kunywa chai, rudi nyumbani. Siku ya safari ufike ukiwa umeshaamua ni basi gani, begi ukilishika mwenyewe, na jibu lako liwe moja tu huku ukiendelea kutembea: "Asante, nimeshakata tiketi." Anayesimama kueleza ndiye anayezingirwa. Tiketi ikatwe ofisini, iwe na jina lako, tarehe, namba ya siti na namba ya gari.

Safari ya kwanza isiwe Dar es Salaam. Muheza iko kilomita zisizofika 50, utakwenda na kurudi kabla ya adhuhuri. Kisha Segera, kwenye njia panda ambapo barabara ya Tanga hukutana na ile ya Chalinze na Moshi. Kisha Korogwe. Dar ni takriban kilomita 350, na ugumu wake kwa mwenye hofu ni kwamba huwezi kushuka kila unapotaka. Lakini ukishazoea kubaki garini hadi wimbi lishuke, urefu wa njia hauongezi urefu wa wimbi. Funga mkanda, chagua siti za mbele kama hutapikishwa na mwendo, na ukubaliane na anayekusubiri kwamba utampigia ukifika, si kila baada ya nusu saa.

Siku mbaya, na wakati wa kwenda kwa daktari

Siku mbaya itakuja hata baada ya mwezi mzuri: umelala vibaya, gari limeharibika njiani, abiria wamegombana. Kesho yake au keshokutwa rudi njia ile ile, saa ile ile, hata kwa umbali mfupi. Usiiache wiki ipite.

Nenda hospitali ikiwa hofu imekufungia ndani kabisa, ikiwa wimbi linakushika hata ukiwa umelala nyumbani, ikiwa umeanza kunywa pombe au kumeza dawa za usingizi ili uweze kutoka, ikiwa huoni tena sababu ya kuishi, au ikiwa ulinusurika ajali na zaidi ya mwezi umepita huku ungali ukiota jinamizi na kuliona tukio upya kila honi inapopigwa. Hospitali za rufaa za mikoa, Bombo ikiwemo, ndiko pa kuulizia huduma za afya ya akili. Yapo matibabu ya mazungumzo na zipo dawa, na hofu ya namna hii ni katika maradhi yanayotibika vizuri. Kwenda huko hakumaanishi kwamba utapelekwa Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili iliyoko Dodoma. Utakaa kitini, utaulizwa maswali, na utarudi kwako siku hiyo hiyo.

Kwa ndugu anayesindikiza

Maneno "mtu mzima wewe, unaogopa nini?" yaache. Anajua kwamba ni mtu mzima, na hilo ndilo linalomuumiza. Usimlipie nauli kama mazoezi ya siku hiyo ni kulipa, usimjibie konda, na usimshushie kwa sauti yako. Mkikubaliana kwamba utamsubiri Bombo saa nne na nusu, uwepo saa nne na nusu, kwa sababu ahadi moja ikivunjika katika wiki za mwanzo hurudisha kazi nyuma sana. Usimpigie simu akiwa njiani kuuliza kama yuko salama. Swali hilo humwambia kwamba nawe unadhani hayuko salama.

Akirudi, usianze na "uliogopa?" Muulize alipanda gari gani, alikaa wapi, nani alikuwa karibu naye, aliomba kushuka kwa neno gani. Majibu hayo yataingia kwenye daftari. Punguza kusindikiza kabla hajakuomba uache, maana wengi hawaombi. Na siku atakapovaa na kusema anakwenda Raskazone na atarudi adhuhuri, usifanye sherehe wala usimkumbushe tahadhari zote hizi. Mwagize nazi mbili njiani, kama unavyomwagiza mtu mwingine yeyote wa nyumba hiyo anayetoka.